Kabati Lililoota Miguu Makina

Kabla hujalipenda kabati, litazame mgongoni. Mbele kila kabati ni zuri. Mbele kuna vioo, vishikio vinavyong'aa na vanishi iliyopakwa mara tatu. Mgongoni ndipo fundi alipodhani hakuna atakayechungulia. Ukikuta plaiwudi nyembamba imeshikiliwa na misumari mitatu, na wa nne umepinda ukaachwa hapo hapo, mwambie muuzaji asante, kisha uende zako. Nina hakika na jambo hili kwa sababu msumari kama huo niliwahi kuuacha mimi mwenyewe, Kawangware, miaka ya tisini. Tena niliupaka rangi.

Mwaka jana mgongo wangu, huu wa kwangu na si wa kabati, ulikataa kuinama, nikatundika msumeno. Tangu hapo nyinyi vijana mnaokarabati nyumba hamniachi nikapumzika. Mnanijia na picha kwenye simu: "Mzee, hii kabati ni fiti?" Mimi si mzee hivyo, na kabati halijulikani kwa picha. Linajulikana kwa kuguswa. Vuta droo mpaka itoke yote, uitazame kwenye pembe. Ikiwa mbao zimeumana kama vidole vya mikono miwili, itaishi. Ikiwa zimegusana tu na kuunganishwa kwa gundi, itaishi mpaka siku utakapoijaza vijiko. Kisha ingiza kichwa ndani ya kabati, unuse. Watu watakucheka, wewe nusa. Mbao mbichi zina harufu ya msitu, na zikikauka humo ndani ya nyumba yako zitajikunja, milango ikatae kufungika, halafu utasingizia watoto.

Haya yote nilifundishwa na Fundi Makokha, ambaye hakupita hata darasa la saba. Mimi nilikuwa na digrii ya jiografia. Nilisomea mito: inakotoka, inakopita, na kwa nini haiendi pale tunapotaka iende. Nilipomaliza chuo niligundua kwamba mito ya Kenya ilikuwa inajiendea vizuri bila mimi. Nilizunguka maofisini na bahasha yangu ya kaki mpaka bahasha ikachakaa, ndipo binamu yangu akanipeleka Kawangware, kwenye karakana iliyokuwa nyuma ya soko, akamwambia mwenyewe: "Fundi, huyu amesoma sana, lakini ni mtu mzuri."

Fundi Makokha alikuwa mtu wa Magharibi mwa Kenya, mnene wa mabega, mwenye penseli sikioni hata akiwa kanisani. Alinitazama viatu.

"Umesoma nini, Profesa?"

"Mito."

"Basi hapa hutakosa kazi. Niletee pima maji, haraka."

Nyinyi mnaojua ufundi mmeshaanza kucheka. Kwa wengine nieleze: pima maji ni kile kipande cha mbao au chuma chenye kichupa cha maji katikati, na ndani ya maji kuna povu moja dogo. Unakiweka juu ya rafu. Povu likikaa katikati, rafu imelala sawa. Mimi sikujua. Nilijua tu kwamba nimeambiwa nipime maji, na mtu wa mito hawezi kushindwa na hilo. Nilienda kwa mwenye bomba, nikajaza debe, nikaazima rula kwa mshona nguo wa jirani, nikarudi nimelowa mpaka magotini, nikasimama mbele ya fundi.

"Ni inchi kumi na moja," nikasema.

Kisha yule mshona nguo, aliyekuwa amefuata rula yake, akaketi chini kabisa, akashika mbavu. Kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa Kawangware aliyeniita kwa jina nililopewa na wazazi. Nilikuwa Pima Maji. Hata wateja waliulizia: "Pima Maji yuko?" Nami nikaitikia, maana nilikuwa na njaa.

Nimesema hayo ili mjue aliyetumwa mtaa wa Makina kupima nyumba ya Mama Zaina alikuwa fundi wa aina gani.

Mama Zaina, Zaina likiwa jina lake mwenyewe, alizaliwa Makina, kama mama yake. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na mabati, vyumba vinne na ua, na mwaka ule alikuwa anaitengeneza upya: mabati mapya, sakafu ya simiti, chokaa ukutani. Alitaka kabati moja kubwa la vyombo, likae sebuleni, kwenye nafasi iliyokuwa kati ya kuta mbili. Nilipobisha hodi alikuwa amepanda kiti, anamwonyesha fundi wa chokaa mahali aliporuka.

"Wewe ndiwe fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona mikono yako laini?"

Nilificha mikono nyuma. Alicheka, akaniitia chai, akanieleza shida yake yote kabla sijatoa tepu mfukoni. Marehemu mama yao aliacha vyombo vya kaure: sahani zenye maua ya samawati, bakuli, vikombe visivyo hata na ufa, na birika la kumiminia wageni. Vilikuwa vimekaa sandukuni miaka miwili. Dada yake mkubwa, Bi Rukia, aliyeolewa mtaa wa jirani wa Ayany, alivitaka. Si kwa ubaya, alisema Mama Zaina, ila kwa ule mdomo wake.

"Anasema, 'Zaina, vyombo vya mama haviwezi kukaa kwa sanduku kama viazi. Kwangu kuna kabati ya ukweli, imejengewa ndani ya nyumba.' Amesema mbele ya familia yote. Nikamwambia nipe mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Akija baada ya sala, akute kabati, vyombo viko ndani, vimepangwa. Asipokuta, avichukue."

"Na watu wakakubali?"

"Wakakubali. Sasa mwanangu, hii si kabati unatengeneza. Ni mama yangu unamtafutia pa kukaa."

Nilipima. Nilipima upana wa ile nafasi kati ya kuta mbili, usawa wa kifua, mara tatu, nikaandika. Nilipima urefu wa kwenda juu. Halafu, kwa sababu ya ule ugonjwa wa mito, nikauliza swali ambalo seremala mwingine asingeuliza: "Mama, mvua ikinyesha, maji hupita wapi?"

"Maji? Yakija huingia mlango wa nyuma, yanatoka mlango wa mbele. Yana adabu kuliko wageni wengine. Lakini sasa nimeweka simiti, hayatarudi."

Nilitazama meza yake ya zamani. Miguu ilikuwa na rangi mbili, nyeusi chini na kahawia juu, na mpaka wa rangi hizo ulikuwa karibu shibiri moja kutoka ardhini. Nikaandika na hilo pia: *maji, shibiri kasoro vidole viwili*.

Nilipendekeza kabati lenye miguu. Mama Zaina alinitazama kama niliyemtukania ukoo.

"Kabati yenye miguu ni ya mtu anayejua atahama. Ya Rukia imekaa chini, tii. Na yangu ikae chini, tii."

Fundi Makokha aliposoma karatasi yangu, aliisoma kwa sauti ili mshona nguo apate kusikia. "Upana, futi tano na nusu. Urefu, futi sita. Maji..." Akavua miwani. "Nimekutuma upime ukuta, umeniletea maji tena! Wee Pima Maji, utaniua."

"Fundi, nilikuwa nafikiri tuweke miguu."

"Mwenye kabati amesema nini?"

"Amesema likae chini, tii."

"Basi litakaa chini, tii. Hapa si chuo."

Tulilitengeneza kwa mbao kavu za sipresi, milango ikiwa ya mvule kidogo tulioupata, na hapo ndipo nilipojifunza kazi. Fundi alinifundisha kwamba skurubu huingizwa kwa bisibisi, haipigwi nyundo, hata kama una haraka na hakuna anayekuona. Bawaba iliyopigwa nyundo hushika mwaka mmoja, kisha mlango unaanza kuning'inia kama sikio la mbuzi. Alinifundisha kusugua mshumaa chini ya droo ili iteleze. Mpaka leo, droo yako ikianza kulia usiite fundi, nunua mshumaa. Alinifundisha kupiga msasa kufuata njia ya mbao, si kuikata. Nilipouliza sababu, alisema, "Wewe ukisuguliwa kinyume utafurahi?" Sijapata maelezo bora kuliko hayo katika kitabu chochote.

Alhamisi tulilipakia kwenye mkokoteni, vioo tukiviacha karakana ili tuje navyo kesho yake, maana barabara ilikuwa na mashimo. Tulisukuma na Barabara ya Ngong, tukakata kupitia Ayany. Pale Ayany mwanamke mmoja mwenye buibui safi alikuwa amesimama langoni, akatupigia kelele: "Nyie! Hiyo inaenda kwa nani?"

"Makina, mama. Kwa Mama Zaina."

Alilizunguka kabati lote. Alilitazama mgongoni! Ni mtu wa kwanza niliyemwona akifanya hivyo bila kufundishwa. Aligonga ubao kwa kidole, akanusa, akasema, "Hmm," akaingia ndani. Fundi Makokha akaninong'oneza, "Huyo ndiye dada. Nimeanza kuogopa."

Tulipofika tulilibeba watu wanne mpaka sebuleni. Lilipita mlangoni vizuri. Tukalisukuma kwenye nafasi yake. Likaanza kuingia, likakwama.

"Sukuma," akasema fundi.

Tulisukuma. Likalia kama ng'ombe.

Fundi aliinama, akatazama chini. Kisha akanyoosha mgongo polepole na kunigeukia, na sikupenda jinsi alivyokuwa mpole.

"Pima Maji. Ulipima lini hii nyumba?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Kabla ya plasta au baada ya plasta?"

Vijana, shikeni hili hata mkisahau mengine yote: usipime kabati kabla ya plasta kukauka. Baada ya mimi kupima, juzi juzi tu, fundi wa simiti alikuja akazipiga zile kuta plasta upande wa chini tu, kimo cha shibiri moja, ili maji yasile udongo. Aliipiga nene, vidole viwili kila upande. Juu kulikuwa na chokaa, na vipimo vyangu vilikuwa sawa kabisa. Chini ukuta ulikuwa umeota tumbo. Huwezi kulipenyeza kabati la futi tano na nusu kati ya matumbo mawili.

"Tuchimbue plasta," nikasema.

"Ujaribu!" akasema Mama Zaina. "Hata haijamaliza kukauka, ati uchimbue!"

"Basi tukate kabati."

"Ujaribu," akasema Fundi Makokha.

"Turudi nalo karakana, tulipunguze..."

"Kesho ni Ijumaa," wakasema wote wawili.

Mama Zaina aliketi juu ya lile sanduku la vyombo. Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. Alipapasa kifuniko kwa kiganja, akasema taratibu, "Basi Rukia ameshinda. Hata si yeye. Ni tepu ya huyu mtoto."

Niliona aibu ambayo digrii haikunifundisha pa kuiweka. Nilitoa ile karatasi mfukoni, nikaisoma tena, na safari hii mstari ambao wote walikuwa wameucheka ndio ulionitazama. Plasta ilikuwa shibiri moja. Maji yalikuwa shibiri kasoro vidole viwili.

"Fundi," nikasema, "juu ya plasta linaingia. Tukiliinua shibiri moja linaingia lote."

Fundi alipima kwa mkono wake, pale pale. "Linaingia," akasema, bila kutaka kunipa furaha nyingi. "Lakini miguu tutaitoa wapi leo? Nikikuwekea vipande vya mbao vitaonekana kama fimbo."

"Nimesema sitaki miguu," akasema Mama Zaina, lakini hakuinuka. Baada ya muda akatazama juu, kwenye mbao za paa ambako watu huweka vitu wasivyoweza kuvitupa. "Kitanda cha mama kiko huko. Kilivunjika ubavu, nikakifungua nikakiweka. Miguu yake ni mizima."

Tukaishusha. Ilikuwa miguu minne ya mvule, mizito, iliyochongwa pete tatu tatu na fundi fulani ambaye hatutamjua. Makokha aliishika, akaifuta vumbi kwa shati lake, na kwa mara ya kwanza nikamwona ametoa penseli sikioni bila ya kuandika chochote.

"Mama," akasema, "hii siwezi kukutengenezea mimi. Hata nikijaribu."

Mama Zaina aliufikicha mmoja kwa upindo wa leso. "Mama akalale chini ya vyombo vyake," akasema. "Haya. Funga."

Tulifunga ndani kidogo ya pembe, ili miguu isiguse plasta, kwa skurubu ndefu, nane kila mguu, kwa bisibisi. Kabati likapanda juu ya yale matumbo ya plasta, likaingia kama limepimwa. Sakafu ilikuwa imeinama kuelekea mlango wa mbele, kwa hiyo fundi akaniita: "Leta pima maji." Akaongeza: "Ile ya mkononi." Nikaileta. Tukaweka vipande vyembamba vya mbao chini ya miguu miwili ya mbele mpaka povu likasimama katikati. Mama Zaina hakuliamini povu. Alichukua limau, akaliweka juu ya rafu. Halikubingirika.

Ijumaa asubuhi tulipofika na vioo, mvua ilikuwa imeshaanza. Si ile ya kupita. Tulifunga vioo huku mabati yanapiga kelele tusisikizane, na Mama Zaina akipanga sahani moja moja, akizifuta kwa kitambaa kikavu. Kikavu, sikilizeni. Kabati na maji havijawahi kuwa marafiki. Ukiona vumbi, tumia kitambaa kikavu chenye tone la mafuta. Halafu acha nafasi ya kidole nyuma ya kabati ipite hewa, la sivyo unawajengea mende nyumba ya bure.

Bakuli la mwisho lilipoingia, maji nayo yakaingia, kwa mlango wa nyuma. Simiti haikuyazuia. Iliyasaidia kuteleza tu. Mama Zaina akapanda kwenye kiti, Fundi Makokha akapanda kwenye sanduku tupu, mimi nikasimama humo humo majini, suruali nimeikunja, macho kwenye mguu wa kabati.

"Pete ya kwanza," nikasema. Maji yalikuwa yameimeza.

"Nyamaza," akasema Mama Zaina.

"Pete ya pili."

"Wee Pima Maji, nyamaza!" akasema fundi.

Pete ya tatu ilikuwa chini tu ya kabati. Maji yalipanda polepole, yakailamba kwa chini, yakakaa hapo. Yalikaa muda mrefu, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Kisha, kwa ile adabu yake, yakaanza kutoka mlango wa mbele. Kijiko cha mbao kilichokuwa jikoni kikaingia chini ya kabati, kikazunguka, kikatoka, kikaenda zake barabarani.

"Ni kiasi gani, Pima Maji?" fundi akauliza.

"Shibiri kasoro vidole viwili."

Alishuka kwenye sanduku, akanipa mkono. Mshona nguo hakuwepo kushuhudia. Naumia mpaka leo.

Bi Rukia alikuja baada ya sala, viatu mkononi, buibui amelikunja mpaka magotini, nyuma yake shangazi wawili waliokuja kuona mwisho wa maneno. Sakafu ilikuwa ina tope bado. Alitazama tope, akafungua mdomo, nasi tukajua anataka kusema nini. Halafu akaliona kabati. Vioo, maua ya samawati, vikombe vimening'inia kwa mistari. Akafungua mlango mmoja, akaufunga. Akaomba limau.

"Limeshawekwa," akasema Mama Zaina. "Halikubingirika."

"Niweke mimi."

Akaliweka. Halikubingirika. Akainama kutazama chini, pengine kutafuta kosa, akakaa ameinama. Alipozungumza tena sauti ilikuwa nyingine.

"Zaina. Hii si miguu ya kitanda cha mama?"

"Ndiyo."

"Hapa nilikuwa nafunga mkoba wangu wa madrasa." Aligusa pete ya tatu. "Na wewe ukiuficha."

"Wewe ulikuwa unanionea, na mimi nifanye nini?"

Shangazi mmoja akacheka, mwingine akafuta macho, na Bi Rukia akasema chai iletwe, tena kwa birika la mama, kwani limewekwa pale litazamwe tu? Vyombo havikutoka Makina siku ile, wala baadaye.

Wakati wa kuondoka, fundi akiwa anafunga vifaa, Bi Rukia alinivuta pembeni mpaka karibu na mlango. Nilidhani ananidai kitu.

"Wewe ndiwe Pima Maji?"

"Ndiyo, mama."

Alitazama nyuma kuona kama dada yake anasikia. "Ile kabati yangu ya Ayany. Ile iliyokaa chini, tii. Bomba ya jikoni inavuja miezi sasa. Imekunywa maji, imevimba, milango haifungiki. Nimeweka pazia mbele." Akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie Zaina."

Sikumwambia. Jumatatu asubuhi nilipanda kwenda Ayany na pima maji yangu kwapani, na miguu minne mipya ndani ya gunia la viazi, ili mtu wa Makina akiniona barabarani adhani nimetoka sokoni.